Nyumba ya Jumapili na ya Siku Sita: Majengo ya Usharika Wetu na Watu Walioyajenga

Kamati ya Jubilei iliponiomba niandike sura hii ya majengo, nilidhani nimepewa kazi nyepesi kuliko wenzangu. Wao wamepewa kuandika juu ya watu, nao watu wana wajukuu watakaosoma na kuuliza kwa nini babu yao hakutajwa. Majengo, nilijisemea, hayana wajukuu. Nilipoanza kuwatembelea wazee na kufungua madaftari ya ofisini nilitambua kosa langu. Kila ukuta uliosimama katika kiwanja chetu una mjadala nyuma yake: nani aingie, kwa shughuli gani, na akiingia alipe nini. Mjadala huo haujamalizika. Baada ya sherehe hizi Mkutano Mkuu wa Usharika utaamua iwapo lile jengo la zamani lililo kando ya barabara libomolewe ili zijengwe fremu za maduka. Kwa sababu hiyo naomba wageni wetu wa Dayosisi wanivumilie nikikaa kirefu mahali pengine na kupita upesi mahali pengine.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakafungua kituo cha Mamba mwaka 1894 na cha Moshi mwaka 1896. Desturi iliyoenea kutoka katika vituo hivyo ilikuwa kwamba penye mwalimu pawe na nyumba moja tu. Siku za juma nyumba hiyo ilikuwa shule. Jumapili ilikuwa kanisa. Aliyefundisha kusoma na kuhesabu ndiye aliyeongoza ibada, akawatembelea wagonjwa na kuzika wafu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini mwaka 1920, isipokuwa wachache ambao hawakuwa raia wa Ujerumani. Kazi ikabaki mikononi mwa walimu Waafrika, wakisaidiwa baadaye na Waluteri kutoka Marekani, hadi watu wa Leipzig waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Usharika wetu ni mtoto wa kipindi hicho. Haukuanzishwa na mmisionari, bali na walimu wawili waliotumwa kushuka huku tambarare, penye njia panda na soko. Wazee husimulia kwamba ukoo uliotoa kiwanja ulitoa pamoja na sharti moja: mfereji wa maji unaopita katikati yake usizibwe, maana kuna watu chini wanaoutegemea. Sharti hilo halikuandikwa popote, lakini hadi leo mfereji unapita nyuma ya sakristia, na kila fundi anayekuja na ramani mpya huonyeshwa kwanza mfereji.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa kwa majani. Watu waliketi juu ya magogo. Meza ya mwalimu ndiyo iliyokuwa madhabahu. Jumamosi jioni ilifutwa vumbi la chaki na kutandikwa kitambaa cheupe, na Jumatatu asubuhi kitambaa kilikunjwa na chaki ikarudi. Hakuna aliyeona kuwa hilo ni kupunguza heshima ya ibada. Jioni za katikati ya juma wazee wa mji walikutana humo kusuluhisha ugomvi wa mipaka na wa mifugo, nao hawakuwa wabatizwa wote. Katika miaka hiyo Mchungaji Bruno Gutmann alikuwa akifanya kazi kule Moshi ya juu, ambako alirudi baada ya vita na kukaa hadi mwaka 1938. Yeye alifundisha kwamba kanisa lisiote pembeni ya ukoo, ujirani na rika, bali lipandwe ndani ya vifungo hivyo hivyo ambavyo Mungu alikwisha kuwapa watu. Wanatheolojia wamembishia Gutmann kwa mengi, na baadhi ya hoja zao ni za haki. Lakini jambo hili la ujirani walimu wetu wawili walilitenda bila kusoma kitabu chake hata kimoja.

Nyumba ya udongo ilifuatwa na nyumba ya mawe na mabati, nayo ndiyo hiyo inayojadiliwa sasa. Mabati yake yalitokana na kahawa. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilichojulikana kwa herufi KNPA, kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mkulima akaanza kushika fedha taslimu mara moja au mbili kwa mwaka, na sadaka ya kahawa ikawa ndiyo nguzo ya ujenzi wa Kanisa mlimani kote.

Kanisa kubwa tunaloabudu sasa lilijengwa katika miaka ya 1950, wakati bei ya kahawa ilipokuwa nzuri kuliko wakati wowote ambao wazee wetu walikuwa wameuona. Sitasema mengi juu yake, kwa kuwa picha zake zimejaa katika kitabu hiki na kila msharika anaijua mimbari yake. Niseme tu kwamba kila mtaa ulikuwa na siku yake ya msaragambo: wanaume walivunja mawe, wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni, watoto walibeba maji. Kengele ilipotundikwa ilikuwa ya mji mzima. Ilipigwa kwa ibada, lakini pia ilipigwa moto uliposhika nyumba, na mtoto alipopotea sokoni.

Nilianza shule katika lile jengo la mawe. Nilikuwa darasa la tatu wakati Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoanza kutekelezwa, na shule za misheni zikawekwa chini ya Serikali. Kwetu watoto hakikubadilika kitu ila kibao cha mlangoni. Mwalimu alibaki yule yule na fimbo ilibaki ile ile. Kwa usharika, hata hivyo, lilikuwa badiliko kubwa kuliko lilivyoonekana, maana kwa mara ya kwanza nyumba ya Jumapili na nyumba ya siku sita zilitenganishwa. Sina neno la kulaumu. Watoto wa imani zote waliingia darasani kwa haki sawa, na hilo lilikuwa jema. Lakini miaka michache baadaye shule ilipohamia kiwanja chake kipya, jengo la mawe lilirudi kwetu likiwa tupu, nasi hatukujua tulifanyie nini. Likawa ghala la viti vibovu.

Hapo ndipo lilipoanza wazo la ukumbi. Mji ulikuwa umekua, mikutano na harusi zilifanyika chini ya miti, na mvua za masika hazina adabu kwa bibi arusi. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wale waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka maana ya kutafuta saruji. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha nchi, na saruji ilipatikana kwa kibali. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, usharika ulikuwa na mifuko ya saruji imehifadhiwa katika sakristia. Mwenyekiti wa ujenzi, kwa hofu, alibandika stakabadhi na kibali mlangoni ili atakayekuja kupekua asome kwanza. Hakuja mtu, lakini kwa majuma kadhaa wazee wa kanisa walivaa joho mbele ya mifuko ya saruji.

Fedha ilikuwa haba. Mikono ilikuwa mingi. Mchanga wa ukumbi ule ulibebwa kichwani, kwa ndoo na kwa debe, mwendo wa karibu nusu saa kutoka mtoni. Katibu wa ujenzi aliandika kila siku ya msaragambo majina ya waliofika na idadi ya ndoo. Daftari lake litarudi tena katika habari hii.

Ukumbi ulipofunguliwa haukukodishwa. Aliyeutaka alimweleza mchungaji, akapewa ufunguo, na baada ya shughuli aliufagia. Wengine waliacha debe la mahindi au mkungu wa ndizi kwa mwinjilisti. Shida iliyotusumbua zaidi haikuwa fedha bali mbege. Kanisa halikuruhusu pombe katika ukumbi. Nayo harusi ya Kichaga isiyo na mbege, wazee wa ukoo hawaihesabu kuwa imekwisha. Yakapatikana maafikiano ambayo hayakuandikwa katika kanuni yoyote: ukumbini soda, chai na ndafu, na baada ya hapo wazee wanarudi kihambani kumaliza mambo yao. Nakiri kwamba zaidi ya mara moja niliona kibuyu chini ya kiti cha mzee niliyemheshimu, nikageuza uso kuangalia maua.

Mwaka 1989 mfumo wa mgawo uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa duniani ulivunjika. Sisi huku hatukusoma habari hiyo katika gazeti. Tuliisoma katika bahasha za sadaka. Bei ilianguka, ikainuka kwa muda, ikaanguka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wakulima wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya na mahindi. Usharika uliokuwa umeishi kwa kahawa kwa miaka sitini ukajikuta una mishahara ya watumishi, sehemu yake ya kupeleka dayosisini na paa linalovuja, huku mfuko ukiwa mwembamba. Wakati huo huo mji ulikuwa unajaa watu wenye shughuli: harusi, sherehe za kuaga mabinti, semina na mahafali. Baraza la Wazee likaamua ukumbi ukodishwe, na mimi nikiwa mchungaji wa usharika nikatia saini.

Tuliandika kanuni nzuri. Kulikuwa na daftari la maombi, amana ya kurudishwa iwapo hakuna kilichovunjika, muda wa kuzima muziki, na sharti kwamba Jumamosi usiku ukumbi uachwe safi, kwa kuwa watoto wa shule ya Jumapili huutumia asubuhi. (Sharti hili la mwisho limevunjwa mara nyingi kuliko yote. Vijana wa kwaya wamefagia karatasi za kumetameta na chupa alfajiri nyingi kabla ya ibada ya kwanza, na hakuna kitabu cha jubilei kilichowahi kuwashukuru. Basi nawashukuru hapa.) Bei tulizipanga katika madaraja matatu: msharika alipe kidogo, Mkristo wa dhehebu jingine alipe zaidi, na asiye Mkristo alipe kikamilifu. Msharika asiyekuwa amekamilisha ahadi yake ya mwaka naye alihesabiwa kama mtu wa nje. Tuliona kuwa hiyo ni haki.

Mwaka wa pili wa kanuni hizo alinijia ofisini mama mmoja, mjane wa makamo ya uzee, mkulima. Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Alikuwa hajamaliza ahadi yake, kwa kuwa kahawa yake ilikuwa imeliwa na ugonjwa. Karani alimwonyesha orodha ya bei na daraja lake. Hakubishana na karani. Alikuja kwangu, akaketi, akasema, "Mchungaji, shikamoo ya watu wote nimekwisha kukupa mlangoni. Sikuja kuomba bure. Nimekuja kuuliza kama mchanga wangu umekwisha kulipwa."

Sikuelewa, au nilijifanya sikuelewa. Nilimweleza habari za paa na mishahara, nikasema kanuni ni kanuni, na kwamba nikimsamehe yeye nitawasamehe wote. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, mwanangu," akaondoka. Harusi ya mjukuu wake ilifanyika kihambani kwake chini ya turubai la kuazima. Mvua ilinyesha. Nilifungisha ndoa ile mwenyewe saa nane mchana, kisha nikapita mbele ya ukumbi wetu uliokuwa umefungwa na mtupu, maana siku hiyo hakuna aliyekuwa ameukodi.

Usiku ule nililitafuta daftari la katibu wa ujenzi. Jina la mama yule lilikuwamo, siku ishirini na tatu za msaragambo. Lakini hilo silo lililonikosesha usingizi. Nikisoma majina ya siku zote, niliona kwamba karibu mtu mmoja katika kila watano hakuwa Mluteri. Walikuwamo Wakatoliki wa mtaa wa juu. Walikuwamo majirani Waislamu wa upande wa soko, wakiwa wameandikwa kwa majina yao na ndoo zao sawasawa na wazee wa kanisa. Na mmoja wao, mwenye lori, alikuwa amesomba mawe safari sita bila kudai hata bei ya mafuta, katika mwaka ambao mafuta nayo yalikuwa ya kibali. Watoto wa watu hao ndio tuliokuwa tumewaweka katika daraja la tatu.

Nilimwomba mzee mmoja wa kanisa anisindikize kwa yule mama. Njiani alisimama, akakata jani la isale kwenye mpaka wa shamba, akanipa bila kusema neno. Makumira tulifundishwa Kigiriki na historia ya Matengenezo. Habari ya isale, kwamba anayekuja nalo anakuja kuomba radhi na haifai kumrudisha, nilifundishwa na mama yangu. Yule mama alilipokea. Hakusema kwamba hakuna neno, maana neno lilikuwapo. Alisema tu kwamba wageni wake walilowa.

Katika Baraza la Wazee jambo hili lilichukua vikao vinne. Mtunza hazina alipinga, na kwa hesabu alikuwa sahihi: mapato ya ukumbi yalikuwa yanalipa mwinjilisti mmoja na sehemu ya karo za yatima. Wengine walinukuu, kama inavyonukuliwa katika kila kikao cha namna hii, habari ya Bwana wetu na meza za wabadili fedha hekaluni, wakitaka tuache kukodisha kabisa. Niliwajibu kama ninavyoamini hadi leo. Meza zile ziliwekwa katika ule ua wa nje, ambao ndipo mahali pekee ambapo watu wa mataifa waliruhusiwa kufika. Kosa halikuwa fedha peke yake. Mgeni alikuwa amenyang'anywa nafasi yake. Ukumbi wetu ni ua wa namna hiyo. Kuukodisha si dhambi, maana mabati hayajilipii. Lakini bei inayomfukuza jirani inaugeuza kuwa kitu kingine.

Tuliamua hivi: shughuli za msiba zisilipiwe na mtu yeyote wa mji huu, wa dini yoyote, wakazi wote wa kata walipe bei moja, watu wa kutoka mbali, makampuni na mashirika walipe bei kamili. Daraja la dini lilifutwa. Mikutano ya vyama vya siasa, ambayo ilianza kuombwa tangu vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, tulikwisha kuikataa na tukaendelea kuikataa, kwa kuwa ua ukipewa chama kimoja umewafungia wengine. Mapato yalipungua kwa miaka miwili. Mwinjilisti alilipwa kwa kuchelewa, na alikuwa na haki ya kulalamika, naye alilalamika. Kisha shughuli ziliongezeka, hasa za majirani wa sokoni, na hesabu zikakaa sawa, ingawa hazijawahi kunona.

Sasa nirudi kwenye jengo la kando ya barabara. Fundi amelikagua. Mawe ya ukuta ni mazima; kenchi za upande wa magharibi zimeliwa na mchwa, na mabati yanahitaji kubadilishwa yote. Wanaotaka fremu wana hoja nzito. Barabara ile ina thamani, kodi ya maduka huja kila mwezi bila kufagiliwa, na usharika mpya wa mtaa wa chini unahitaji kanisa. Sitawaita watu hao wapenda fedha. Baadhi yao ndio wanaotoa kuliko sisi wengine. Maoni yangu ni kwamba fremu zijengwe upande wa kusini wa kiwanja, zikiacha njia ya mfereji, na jengo la zamani litengenezwe paa lake na kuachwa kwa shughuli ndogo ambazo haziwezi kulipa ukumbi mkubwa.

Maana halijawa tupu tena. Jumamosi wanafunzi wa kipaimara husoma humo. Jumanne wajane hushona sare za shule kwa cherehani nne za Idara ya Wanawake. Jumatano na Alhamisi vikundi vya kuweka na kukopa hufungua masanduku yao ya kufuli tatu na kuhesabu hisa, na katika vikundi hivyo wamo watu wa kila imani. Siku ya kliniki kina mama hukaa barazani na watoto wao wakisubiri kupimwa uzito. Wanacholipa ni kidogo mno. Katika taarifa ya fedha hakijazi hata mstari mmoja.

Daftari la katibu wa ujenzi limetolewa ofisini na kufungwa jalada jipya. Katika juma lote la Jubilei litakuwa mezani katika mlango wa ukumbi, pamoja na kalamu, kwa kuwa kurasa kadhaa zililiwa na unyevu na majina mengine hayasomeki. Yeyote anayejua kwamba mzazi wake alibeba mchanga, awe msharika au si msharika, anaombwa afike alitafute jina lake, na asipoliona aliandike. Mkutano Mkuu utakaa Jumamosi inayofuata, saa tatu asubuhi, humo humo katika jengo la zamani.